Mwananchi wa Arua, mwananchi wa Koboko

Kiswahili kiliingia West Nile mgongoni mwa askari wa keya na wachuuzi, muda mrefu kabla ya kushika chaki. Idi Amin, ambaye asili ya ukoo wake ni Koboko, alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo huandikwa Kampala. Kazi yenyewe inabaki ubaoni, na leo nachambua kipande chake kimoja: nomino ambatani.

Njia iliyozoeleka ni ya hesabu. Mwalimu anaandika mwana + nchi = mwananchi, darasa linakariri, somo limekwisha. Alama hiyo ya kujumlisha inaficha mambo mawili ambayo ndiyo somo lenyewe. Kwanza, kati ya mwana na nchi palikuwa na «wa», nayo imedondoka. Pili, maneno hayo mawili hayana cheo sawa: mwananchi ni mwana, si nchi. Neno kuu limetangulia, linalolifafanua limefuata.

Hapo ndipo Arua na Koboko, zote mbili za West Nile, zinapoachana, ingawa kitabu cha kiada kinaweza kuwa kilekile.

Mtoto wa Kikakwa kule Koboko huita lugha yake kutuk na Kakwa. Kutuk ni mdomo, na kwa hiyo lugha, «na» inaunganisha, mwenye mali anakuja mwisho. Mpangilio ni uleule wa «lugha ya Wakakwa», hatua kwa hatua. Kinubi nacho huweka «ta» mahali hapohapo. Kwa watoto hawa mwalimu aanze na kirai kizima, mwana wa nchi, gari la moshi, kisha afute -a unganifu mbele ya macho yao. Mpangilio wanao tayari. Kigeni kwao ni kule kuunganisha bila kiunganishi.

Arua mambo yamepinduka. Mlugbara husema Lugbarati: Lugbara, kisha «ti», mdomo. Mwenye mali ametangulia, neno kuu liko mkiani, na katikati hamna kitu. Mtoto huyu hahitaji kufundishwa kugandisha nomino mbili, maana jina la lugha yake limegandishwa hivyo. Tatizo lake ni mwelekeo, na Kiingereza cha darasani kinaushindilia zaidi, kwa kuwa nacho huweka neno kuu mwisho. Kwake swali la kwanza liwe: garimoshi ni gari au ni moshi? Mwanajeshi ni mtu au ni jeshi? Aulizwe hivyo kabla hajaandika chochote.

Mgawanyo huu si wa ukuta kwa ukuta, bila shaka. Arua mjini darasa moja lina lugha kadhaa, na shule nyingi za mjini huanza na Kiingereza moja kwa moja. Lakini mtaala wa mwaka 2007 unataka lugha ya eneo itumike hadi darasa la tatu, na darasa la nne liwe daraja la kuvukia Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili katika madarasa ya juu anampokea mtoto aliyekwisha kuzoea kuyapanga maneno kwa namna fulani. Ni uzembe kutoitumia.

Ushahidi wa neno kuu ni upatanisho wa kisarufi. Moshi umetanda, lakini garimoshi limefika. Li- inalifuata gari, moshi hauna sauti. Mfano huu ni safi kisarufi, ila reli ilifika Pakwach mwaka 1964 ikaishia hapo, na watoto wengi wa Arua hawajawahi kuona treni. Picha itahitajika.

Wingi ni kipimo kingine. Mwananchi, wananchi, mwanachama, wanachama, wala si «wanavyama». Kinachobadilika ni neno kuu tu. Hapo mtoto mwerevu atauliza kuhusu mwanamke, ambaye wingi wake ni wanawake, pande zote mbili zimebadilika. Asiambiwe kwamba ni kanuni potovu. Mzizi -ke hufanya kazi ya sifa, kama katika «kike», na sifa hupatana na nomino yake. Nchi na chama ni nomino zilizokuwa zikiunganishwa kwa «wa», kwa hiyo hazina cha kupatanishwa.

Aina ya pili, mpigapicha na kipimajoto, ningeitanguliza kote Arua na Koboko. Haikudondosha kitu na mpangilio wake ni wa sentensi: anapiga picha, mpigapicha. Toa m- uweke ki-, umetoka kwa mtu umeingia kwenye chombo. Kwa kanuni hiyo moja watoto wanaweza kujitungia maneno, na mengine yatakuwa ya kuchekesha, ambayo si hasara.

Masikio nayo yatumike. Gari la moshi lina mikazo miwili, garimoshi lina mmoja, kwenye «mo». Mtoto wa Kilugbara, aliyelelewa na lugha ya toni, amezoea kusikiliza sauti ikipanda na kushuka. Kupiga dawati kunafaa kuliko kutazama nafasi kati ya maneno, kwa sababu hata wahariri hawajaafikiana: mpigapicha kwa huyu, mpiga picha kwa yule.

Mtego mmoja wa kuwategea makusudi ni kitabu. Waliokolea watakivunja kuwa ki- na tabu, na kuna siku utaona kwa nini. Mtoto anayesoma madrasa ana nafasi nzuri ya kukataa, kwa kuwa neno hilo amelikuta kwenye Kiarabu likiwa zima.

Mtihani unaosema «tenganisha maneno haya» haupimi lolote kati ya haya. Mpe mwanafunzi «Garimoshi __mefika» na «Mwanachama amelipa ada» aiweke katika wingi. Akijibu sawasawa, hata asipojua istilahi ya nomino ambatani, amelielewa somo.