Nipe Mji: Watazamaji na Kitendawili cha Nambari Sita

Katika ada ya vitendawili, mwenye kutega ana haki moja na deni moja. Haki yake ni kupewa mji pale wasikilizaji wanaposhindwa kufumbua. Deni lake ni kutoa jibu akishaupokea mji huo. Mtegaji apokeaye mji kisha akanyamaza ni laghai, na baraza haina sababu ya kumwitikia tena anaposema "Kitendawili!" Ada hii ndogo yafaa kuwa mizani ya kupimia kisa kilichotokea Uingereza mwanzoni mwa Februari 1968, pale ilipoonyeshwa sehemu ya mwisho ya The Prisoner, yaani Mfungwa, mfululizo wa kijasusi wa televisheni, na watazamaji wengi wakaghadhibika.

Mfululizo huo wenye sehemu 17 ulianza kuonyeshwa mwishoni mwa Septemba 1967. Mwigizaji wake mkuu, Patrick McGoohan, alikwisha kuwa mashuhuri kwa kuigiza jasusi John Drake katika Danger Man. Safari hii aliigiza mtu asiyetajwa jina. Mtu huyo anajiuzulu kazi kwa hasira, anarejea nyumbani kwake London kufunga mizigo, anapulizwa gesi ya usingizi, na anapozinduka yumo katika Kijiji cha kupendeza kando ya maji, ambacho hawezi kukitoka. Mandhari ya Kijiji ni ya Portmeirion, huko Wales, mahali palipobuniwa na msanifu majengo Clough Williams-Ellis. Humo watu hawana majina, wana nambari, naye ni Nambari Sita. Watawala wanaoitwa Nambari Mbili huja mmoja baada ya mwingine, na wote wanataka kujua jambo moja: kwa nini alijiuzulu? Yeye naye ana swali lake: Nambari Moja ni nani?

Hicho ndicho kitendawili. Kilitegwa mwanzoni mwa karibu kila sehemu, wiki baada ya wiki, muda wa miezi minne. Watazamaji walitoa mji, nao ulikuwa mji mkubwa: muda wao, subira yao na imani yao kwamba jibu lipo.

Jibu lilitolewa katika Fall Out, sehemu ambayo McGoohan aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Nambari Sita anapelekwa katika pango lenye baraza la watu waliovaa kanzu nyeupe na barakoa. Anasifiwa kwa ukaidi wake, anakalishwa katika kiti cha enzi, anapewa hiari ya kutawala au kwenda zake. Anaposimama kuhutubia, baraza inapiga kelele hadi sauti yake inazama. Hatimaye anapandishwa kumwona Nambari Moja, aliyejifunika kanzu na barakoa kama wale wengine. Anaivua barakoa, na chini yake pana uso wa nyani. Anauvua na huo. Chini yake umo uso wake mwenyewe, ukicheka. Kisha ni mbio, risasi zinarindima huku wimbo wa Beatles wa kusifu mapenzi ukipigwa, Kijiji kinahamwa, na mfungwa anarejea London.

Rai za watazamaji ziligawanyika tangu siku hizo. Wengi walilalamika kwamba wametapeliwa. Waliahidiwa hadithi ya kijasusi, na hadithi ya kijasusi hudai adui mwenye jina, dola iliyomtuma na sababu ya vitendo vyake. McGoohan alisimulia miaka ya baadaye kwamba ghadhabu ile ilimlazimu ajifiche. Wala walalamikaji hawakuwa wajinga wasiojua sanaa. George Markstein, mhariri wa miswada aliyeshiriki kuuasisi mfululizo na kuuacha kabla haujakwisha, aliuona kwa jicho hilohilo. Kwake, Nambari Sita alikuwa John Drake na Kijiji kilikuwa gereza la majasusi wanaojua mengi mno. McGoohan alikataa katakata. Basi mgogoro wa watazamaji ulikuwa umeanzia jikoni, miongoni mwa wapishi wenyewe.

Kundi la pili ni la wale walioyarudia mashairi ya mwanzo baada ya kusikia kituo cha mwisho. Hawa waligundua jambo linalostahili kuheshimiwa na kila msomaji wa ushairi. Katika majibizano ya ufunguzi mfungwa huuliza Nambari Moja ni nani, naye hujibiwa kwa maneno ambayo kwa Kiingereza yana maana mbili. Yakisemwa kwa mfululizo, yanakwepa swali: wewe ni Nambari Sita. Yakisemwa kwa pumzi fupi baada ya neno la pili, yanalijibu: ni wewe, Nambari Sita. Tofauti yake ni pumzi moja, kipande cha kimya kisichofikia hata mizani moja. Kwa mujibu wa usomaji huu, jibu lilikuwapo tangu mwanzo, na sikio ndilo lililolipita.

Mtu akijaribu kuyahamishia maneno hayo katika Kiswahili ataona ugumu wake. "Wewe ni" na "ni wewe" ni mipangilio miwili, na mfasiri hana budi kuchagua mmoja, na achaguapo huwa amekwisha kufumbua. Hali ni hiyo katika ile hotuba iliyozamishwa. Mfungwa anaanza kwa neno la nafsi ya kwanza, "mimi", na baraza inalidaka na kulirudia kwa pamoja. Kwa Kiingereza neno hilo hutamkwa sawasawa na neno la kuafiki hoja barazani, nalo huandikwa kwa herufi ile ile ambayo Warumi waliitumia kuandika moja. Kuafiki, nafsi na Nambari Moja vimefungwa katika sauti moja. Anayeziita kelele zile upuuzi mtupu hajazisikiliza. Huo ni ufundi wa lugha, na ni ufundi mkubwa.

Yabaki swali zito zaidi, ambalo wapenzi wa sehemu hii hulipita kwa haraka: fumbo lilihitajika kwa nini? Katika mwambao huu fumbo limekuwa ngao. Washairi wameficha ya moyoni mwao ndani ya taswira za chombo, bahari na mnyama kwa kuwa kusema wazi kungeweza kuwagharimu. McGoohan hakukabiliwa na hatari hiyo. Hapana aliyekuwa akimngoja na pingu. Mtazamaji aliyeuliza kwa nini asiseme wazi alikuwa na haki ya kuuliza.

Jibu ni kwamba yako maneno ambayo hatari yake haimo kwa mtawala, imo kwa msikilizaji. Wahenga wamesema, kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii huelekezwa zaidi kwa ndugu, rafiki au jirani, mtu wa karibu anayedhuru. Fall Out inaichukua hatua moja mbele: nguo ni yako, na mwili uliomo ndani yake pia ni wako. Mtu aliyepigania uhuru wake kwa sehemu 16 anaonyeshwa kwamba mkuu wa gereza amevaa uso wake, na baina ya nyuso hizo mbili pana nyani. Hakuna anayekubali kuambiwa hivyo moja kwa moja. Akiambiwa wazi atakanusha. Akitegewa, na akaifuata njia yote kwa miguu yake, huenda akafika. Kwa hoja hiyo fumbo lilikuwa halali, na jibu lake lilikuwa jibu la kweli. Deni lililipwa.

Hata hivyo, namna ya kulipa nayo ni sehemu ya deni. Uso ule unaonekana kwa nukta chache tu, katikati ya kicheko na heka heka, kisha unakimbia. Mtazamaji aliyepepesa macho, au aliyegeuka kumwuliza jirani, alikosa jibu la miezi minne. Katika enzi isiyokuwa na kanda za kurudia nyumbani, kilichopita kilikuwa kimepita. Kosa la McGoohan, basi, halikuwa ugumu wa fumbo kama walivyodai wenye hasira, wala halikukosekana kama wanavyodai wafuasi wake, ambao tangu 1977 wana chama chao. Alikuwa na jibu zuri, akalitamka kwa pupa penye kelele. Mtegaji mwema, akishapewa mji, hutulia. Hungoja baraza inyamaze, ndipo asemapo.

Na labda yeye mwenyewe aliling'amua hilo, kwani mwishoni amelisema jibu mara ya pili, kwa utulivu. Mfungwa amefika London, barabarani kwake. Mtumishi mfupi aliyetoroka naye anaukaribia mlango wa nyumba wenye nambari moja. Mlango unajifungua wenyewe, kama ilivyokuwa ikijifungua milango ya Kijijini. Hapana risasi, hapana kicheko, hapana muziki wa kushindana nao. Mtumishi anaingia. Mfungwa anaondoka na gari lake, na picha ya mwisho ni ile iliyofungua mfululizo: ngurumo, barabara tupu na uso wake unaokuja mbio.

Mtazamaji aliyekwisha kusimama kwa hasira hakuuona mlango ule.