Sikusikii, Sogea

Mwalimu ninayetaka kumsifu hana bango la usalama wa mtandaoni ukutani, wala hawakaririshi watoto makatazo. Anafundisha chekechea hapa Tanga, na kifaa chake ni mkeka na hadithi ya Zimwi na ngoma. Waliokulia pwani wengi wanaijua. Wasichana wamekwenda ufukweni kuokota makombe, mmoja akasahau kombe lake zuri juu ya mwamba. Aliwaomba wenzake wamsindikize, wakakataa. Akarudi peke yake, na juu ya mwamba ule akamkuta Zimwi amekaa. Alice Werner aliichapa kwa Kiingereza mwaka 1933 katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu, na hata wakati huo ilikuwa hadithi ya bibi zetu. Simu haimo. Lakini kwa mtoto wa miaka mitano anayeachiwa simu ya mama yake jioni nzima, sijui hadithi inayomfaa kuliko hii, ikipata msimulizi.

Ufundi wote umejificha katika kipande kifupi. Binti anaimba kuomba kombe lake. Zimwi anajibu, "Sikusikii, sogea." Binti anasogea, anaimba tena. "Bado sikusikii. Sogea kidogo." Msimulizi mwenye haraka hupita hapa mbio afike kwenye kukamatwa, maana huko ndiko kwenye kelele. Mwalimu huyu hapiti. Kila Zimwi anaposema "sogea", yeye anashusha sauti, na watoto, ili wasipitwe, wanajikokota mbele mkekani. Hakuna aliyewaambia wasogee. Hadi mara ya nne wa nyuma wameshawalalia wa mbele migongoni, na mwalimu ananong'ona tu. Ghafla ananyoosha mgongo na kuuliza kwa sauti yake ya kila siku:

"Kwani hakumsikia?"

"Alimsikiaaa!"

"Sasa mbona alisema hasikii?"

Hapo ndipo darasa linapochacha. Mmoja anasema Zimwi ni kiziwi. Mwingine anamkatalia: kama ni kiziwi, amejuaje kama mtu anaimba? Mwalimu hamsaidii yeyote. Anawaacha wabishane mpaka wagundue wenyewe kwamba mtu anaweza kusema hasikii huku anasikia vizuri kabisa.

Wanaowanasa watoto mtandaoni hufuata njia hiyohiyo. Hawaanzi na jambo kubwa. Wanaanza kwa kuuliza unapenda gemu gani, halafu unasoma wapi, halafu picha moja tu, halafu "usimwambie mama". Kila ombi limelizidi la kabla yake kwa hatua moja. Ukimweleza mtoto mdogo jambo hili ataitikia "ndiyo mwalimu" na kulisahau kabla ya uji. Hawa wa mkekani wamejikuta wamesogea, na hawakujua wamesogea lini.

Wapo wanaomtia Zimwi simu mkononi wakidhani wanaiboresha hadithi. Sikubaliani nao. Vifaa huchakaa upesi kuliko hila. Chukua Chicken Clicking, kitabu cha picha cha Jeanne Willis na Tony Ross kilichotoka Uingereza mwaka 2014, nacho ni kazi nzuri ya mafundi hasa. Kifaranga anaingia mtandaoni kwa kompyuta ya mkulima usiku, ananunua vitu, anapata rafiki, wanaagana kukutana, na rafiki anageuka kuwa mbweha. Mshtuko wa mwisho ni mtamu. Ila kompyuta ya mezani na kubofya kwake ni mambo mageni kwa mtoto aliyezoea kutelezesha kidole kwenye kioo. Tena pale mbweha amefichwa hadi mwisho, msomaji anadanganywa pamoja na kifaranga. Kwetu Zimwi anaonekana tangu mwanzo, na kinachomtesa msikilizaji ni kumtazama binti akisogea. Kwa watoto wadogo nadhani njia ya pili ina nguvu zaidi, maana inawapa nafasi ya kupiga kelele "usiende!" wakati bado kuna muda.

Turudi kwenye hadithi. Binti akishasogea vya kutosha, Zimwi anamtia ndani ya ngoma, anazunguka naye vijijini akimwimbisha ili apewe chakula, mpaka anafika kwa wazazi wa binti bila kujua. Mama anaitambua sauti. Zimwi akishashughulishwa na chakula na kinywaji, wanaifungua ngoma, wanamtoa mtoto, wanaijaza nyuki na siafu. Wasimulizi wengi huchomeka hapa methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwalimu huyu haichomeki. Mama katika simulizi yake hamuulizi binti kwa nini alirudi ufukweni peke yake. Anamtoa, anamfuta vumbi, anampa maji. Hilo kalichagua kwa makusudi. Mtoto anayetarajia fimbo hukaa kimya ndani ya ngoma, na mzazi hawezi kutambua sauti asiyoisikia. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ipo Tanzania na Kenya, lakini mtoto wa chekechea hapigi simu. Anamtazama mama usoni kwanza.

Siku nyingine mwalimu anawapa watoto zamu ya kuwa Zimwi. Kiti cha plastiki ndicho mwamba, na Zimwi lazima atunge mwenyewe maneno ya kumsogeza mwenzake. Sehemu hii sikuielewa mpaka nilipoketi nikasikiliza. Wa kwanza alinguruma tu, hakuna aliyesogea. Wa pili alisema ana pipi. Wa tatu, msichana mdogo aliyekosa meno mawili ya mbele, aliketi kwa adabu, akalainisha sauti na kusema, "Mimi pia ni mtoto. Nitumie namba ya siri ya mama, nikupe sarafu za gemu." Mwenzake akapiga hatua mbili. Mwalimu alitoa kalamu, akaandika maneno yale kwenye daftari lake kama yalivyosemwa, kisha akamuuliza taratibu, bila kukunja uso, ameyasikia wapi.