Chaki Haisawazishi Mlima

Nianze na jibu, maana najua wengi wenu mmeshalinakili: mita 2,500 si kweli. Mliohudhuria marejeo ya Kidato cha Tano pale Mtendeni, hapa Tabora, Jumamosi iliyopita mliliona likipigiwa mistari miwili ubaoni, na wapo waliopiga makofi. Mkufunzi alichemsha mara moja tu, lakini alichemshia mahali ambapo kila mstari uliofuata ulitegemea.

Swali mnalikumbuka. Treni inapanda mwinuko wa 1 kwa 50. Behewa la mwisho, la tani 40, linakatika likiwa kwenye mwendo wa kilomita 36 kwa saa. Ukinzani wote wa reli na hewa ni nyutoni 800. Litapanda umbali gani kabla ya kusimama, na baada ya hapo litafanya nini?

Kubadili vizio kulikwenda vizuri: kilo 40,000, mita 10 kwa sekunde. Mchoro wa kani ulikuwa safi, mishale yote mahali pake. Hapo sina neno.

Ukafuata ule ubishi wetu wa kila mwaka: mchapuko wa mvutano tuandike 9.8 au 10? Mjadala ukapamba moto, watu wakasimama, kila mmoja na desa lake. Nimeupigia hesabu ubishi huo. Ukitumia 10, behewa linasimama baada ya mita 227. Ukitumia 9.8, linasimama baada ya mita 231. Zogo lote lile lilikuwa la mita nne. Sasa tazameni kilichopita kimyakimya dakika chache baadaye.

Mkufunzi alishika kalkuleta, akatafuta pembe ya mwinuko, akapata nyuzi 1.15. Akaitazama, akasema ni karibu na sifuri, tuifute ili hesabu iwe fupi. Akachukua dasta. Vile vistari viwili vilivyougawa uzito, kimoja kikifuata reli na kingine kikiielekea kwa pembe mraba, vikafutika. Ukabaki mshale mmoja unaotazama chini, na reli ikalala tambarare. Kuanzia hapo kani pekee iliyobaki ya kulizuia behewa ni zile nyutoni 800. Gawanya kwa kilo 40,000, unapata 0.02. Mraba wa 10 ni 100, gawanya kwa 0.04, unapata mita 2,500. Mistari miwili, makofi.

Hesabu ya kugawa haina kosa. Kosa ni ile dasta.

Pembe ndogo ina mambo mawili ndani yake, na hayapungui kwa pamoja. Kosaini ya nyuzi 1.15 ni 0.9998, na saini yake ni 0.02. Uzito wa behewa ni nyutoni 400,000. Ukiipuuza kosaini, unakosea nyutoni 80 katika kani inayoielekea reli. Hakuna msahihishaji atakayekunyima alama kwa hilo, nami nisingeandika hata sentensi moja. Ukiipuuza saini, umetupa nyutoni 8,000 zinazolivuta behewa kurudi chini. Ni mara mia ya kosa la kwanza, na ni mara kumi ya ule ukinzani alioutunza kwa uangalifu mkubwa. Yaani alihifadhi kani ndogo, akatupa kubwa, kisha akasema amerahisisha.

Swali la kuuliza kabla ya kufuta kitu chochote si kama ni kidogo, bali ni kidogo kuliko nini. Asilimia mbili ni kidogo. Lakini asilimia mbili ya nyutoni laki nne, kwenye chuma kinachobingirika juu ya chuma, ndiyo kani inayotawala. Kwa sababu hiyohiyo wajenzi wa reli hukubali kuzunguka kilima kwa kilomita kadhaa kuliko kukipanda moja kwa moja. Utingo wa lori anajua: gari likisimama mahali penye kimwinuko ambacho jicho halikioni, anaruka chini na jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Hajawahi kuandika saini ya kitu, lakini haifuti.

Njia sahihi ni fupi vilevile. Behewa likipanda, mvuto wa mwinuko na ukinzani vyote vinaelekea chini: 8,000 na 800, jumla 8,800. Gawanya kwa 40,000: linapoteza 0.22 kila sekunde. Mita 227, sekunde kama 45, limesimama.

Halafu linarudi. Ukinzani sasa umegeuka, unaelekea juu, kwa hiyo 8,000 toa 800 ni 7,200, na mchapuko ni 0.18. Vile vijitabu vya maswali yaliyojibiwa, ambavyo nimevilalamikia humu mara nyingi, hutumia 0.22 kupanda na kushuka, kana kwamba msuguano haujui behewa linakoelekea. Vekta ina upande. Ndiyo maana inaitwa vekta. Kwa 0.18, kilomita moja kutoka liliposimama behewa litakuwa kwenye mita 19 kwa sekunde, yaani kilomita 68 kwa saa, na litakuwa limefika hapo kwa sekunde 105. Hata dakika mbili hazijaisha.

Kijana mmoja wa viti vya nyuma aliliona hili. Aliuliza, "Samahani mwalimu, hilo behewa halitarudi nyuma?" Akajibiwa kwamba hilo halitatoka kwenye mtihani. Si mara ya kwanza swali la mwanafunzi kupuuzwa: mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliuliza kwa nini mchanganyiko wa aiskrimu ulioingia kwenye friji ukiwa wa moto uliganda kabla ya uliopoa. Walimcheka. Mwaka 1969 swali lake lilichapishwa, yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam wakiwa waandishi, na hadi leo wanasayansi wanalibishania. Swali la kijana wa Mtendeni lilikuwa rahisi zaidi kujibu, na lilikuwa sehemu ya pili ya swali lenyewe, imeandikwa ubaoni!

Na kwa watu wa Reli ya Kati, swali hili si la kuchezea. Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi kinyumenyume kwenye mteremko ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Sidhani kama katika mji huu kuna ukoo usio na mtu aliyewahi kuipanda. Kuwafundisha watoto wa mji huu kwamba behewa lililokatika mlimani litasimama na kutulia ni jambo ambalo siwezi kulipita kwa adabu.

Wazee walilishikaje suala la mteremko? Simon Stevin, mwaka 1586, alivisha mnyororo wa mipira juu ya miteremko miwili isiyolingana, akaonyesha kwa hoja tupu kiasi gani cha uzito kinavuta kwenye kila upande. Hakuwa na kalkuleta. Galileo, katika kitabu chake cha 1638, anaeleza jinsi alivyoinua ncha moja ya ubao kidogo tu na kuteremsha mpira wa shaba kwenye mfereji wake, akipima muda kwa maji. Aliutaka mteremko mdogo makusudi, ili mwendo uwe wa polepole apate kuupima. Angeifuta ile pembe, mpira wake ungekuwa umekaa palepale hadi leo.

Hata karibu hapa, kizazi kilicholelewa na kitabu cha fizikia cha Nelkon na Parker kilitumia majedwali ya tarakimu nne. Mtaniambia nimeanza tena kuyasifu majedwali. Lakini ukifungua jedwali unaiona saini, halafu unafungua kosaini, unaziandika zote mbili kwa mkono wako: 0.0200 na 0.9998. Huwezi kuziona hizo mbili kwenye karatasi moja ukadhani ni kitu kimoja. Kalkuleta inakupa nyuzi 1.15 na kukuacha na dasta yako.

Kwa wanaosema nimezidisha, wafanye ukaguzi wa mstari mmoja. Mita 10 kwa sekunde, bila msuguano wowote, zinaweza kukipandisha kitu mita 5 juu, basi. Mita 2,500 kwenye mwinuko wa 1 kwa 50 ni mita 50 juu. Anayetaka kulitetea jibu la Jumamosi anieleze zile mita 45 nyingine behewa lilipandishwa na nani.