Dhahabu ya Malkia Anne

Miongoni mwa michezo ya kuigizwa ya Waingereza uko mmoja uitwao The Recruiting Officer, maana yake Afisa Mwandikisha Askari. Mtungaji wake ni George Farquhar, mzaliwa wa Ireland, nao ulichezwa mara ya kwanza London mwaka 1706, wakati Waingereza walipokuwa wakipigana na Wafaransa. Wengi husema ni mchezo wa kuchekesha tu. Sisi twaona una neno zito ndani yake, tena una kosa moja, na yote mawili yafaa kupimwa.

Kwanza tuijue desturi. Zamani zile mtu akipokea shilingi ya mfalme mkononi mwa mwandikishaji, alihesabiwa kuwa amekubali uaskari. Shilingi hiyo ilikuwa na peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Si shilingi ya senti 100 iliyoanza Afrika Mashariki mwaka 1921, ingawa jina ni lile lile. Katika karne ya 18 askari wa kawaida alipewa peni 8 kwa siku, basi shilingi ilikuwa ujira wa siku moja na nusu. Sheria ilimpa nafasi ya kukataa mbele ya hakimu. Walakini sharti arudishe fedha aliyopokea, na juu yake alipe shilingi 20, yaani ujira wa askari wa siku 30. Maskini azipate wapi? Desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 1879.

Sasa tutazame mchezo. Katika mji wa Shrewsbury, Sajini Kite amekutana na vijana wawili wa shamba, Pearmain na Appletree. Awaonyesha sarafu mbili za dhahabu, akisema ni picha za Malkia Anne. Kijana mmoja azitazama herufi zilizoandikwa, azisoma moja moja, apata jina Carolus. Hilo ni jina la Mfalme Charles, aliyekwisha kufa zamani. Kijana auliza maana yake, na sajini amjibu kwamba ndilo jina la Malkia Anne kwa Kilatini. Vijana waridhika, wapokea zawadi; kumbe wamekwisha kupokea fedha ya uaskari.

Wasomaji wetu, tuangalie sana hapa. Kijana yule hakuwa mtu asiyejua herufi. Alisoma, tena alisoma sawasawa. Kosa lake ni kwamba maana ya alilosoma alimwuliza mtu yule yule aliyetaka kumnasa. Twamsifu mtungaji kwa jambo hili, maana laonyesha kwamba kusoma neno ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua ni nani anayekufasiria, na ana faida gani.

Kisha aja Kapteni Plume. Amfukuza sajini kwa fimbo, asema hataki mtu achukuliwe kwa hila, azungumza nao kwa upole kama ndugu. Ndipo vijana wampenda, wakamfuata kwa hiari yao. Wahenga walisema, maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Dhahabu haikuweza kuwashika, bali upole uliwashika. Farquhar aliijua kazi hii, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa luteni, akatumwa Shrewsbury kuandikisha askari.

Kosa tunaloliona ni mwisho wake. Plume apata mchumba, Silvia, binti wa hakimu mwenye mali, naye auacha uaskari. Wale watu 20 aliowaandikisha awakabidhi kwa Kapteni Brazen kwa bei ile ile waliyomgharimu. Watazamaji wafurahia posa, na mchezo wakoma. Hapo hatumsikii Pearmain wala Appletree. Waliyemfuata kwa kumpenda abaki nyumbani, nao waenda vitani chini ya mtu wasiyemchagua.

Labda mtu atasema kwamba mtungaji aliitaja bei ile kusudi, ili mwenye akili aione. Yawezekana. Lakini aliyetuchekesha kwa ujinga wa vijana hao alikuwa na deni kwao: kutuonyesha, japo kwa maneno machache, uchungu wao. Deni hilo hakulilipa. Mwaka 1789 mchezo huu ulichezwa Sydney na wafungwa waliopelekwa Australia kwa merikebu. Twadhani watu hao, waliokwisha kuhamishwa mbali na kwao, waliisikia habari ya watu 20 kwa masikio mengine kuliko matajiri wa London.

Basi, hatusemi mchezo huu utupwe. Yafaa usomwe, hasa na vijana. Ila msomaji akifika penye posa asifunge kitabu upesi. Na aulize kwanza wale wawili wamekwenda wapi, na kwa bei gani.