Fundi na Oili Isiyofika Juu

Presha ya oili ni msukumo unaoifikisha oili kila mahali ndani ya injini ambako chuma husuguana na chuma, na kupungua kwake ni ugonjwa mgumu kuutambua katika pikipiki za bodaboda, kwa kuwa nyingi hazina taa wala kipimo cha kumwonya dereva. Kwa hiyo huko Mlali, wilayani Kongwa mkoani Dodoma, ambako pikipiki hizo hubeba abiria na magunia, fundi anayeubaini upungufu huo kabla injini haijanoki, yaani haijasagika ndani, anastahili kuhesabiwa miongoni mwa wajuzi.

Kongwa ina kumbukumbu ya mitambo iliyoshindwa. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza huko mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta matrekta mengi ambayo yalikwama kwa udongo uliokula vyuma, na pia kwa uhaba wa vipuri na wa mafundi. Udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa fundi yupo, chini ya mti au kibandani, na ujuzi anao.

Pikipiki nyingi za Kichina, SanLG zikiwemo, hutumia injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyosanifiwa kwa ajili ya nchi ambako matengenezo huchelewa. Humo oili moja, ya kiasi cha lita moja tu, huhudumia pistoni, gia na klachi kwa pamoja, hivyo unga wa klachi inayolika huingia katika oili ile ile inayotegemewa kulainisha vyuma vingine. Krenki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hukaa juu ya beringi za kuviringika, ambazo hazidai presha kubwa kama bushi za injini ya gari. Zinachodai ni mtiririko usiokatika, na huo ndio anaoutafuta fundi.

Fundi mzuri huanza na lisilogharimu kitu. Huisimamisha pikipiki wima mahali tambarare, kwa sababu iliyoegeshwa kwa stendi ya pembeni hudanganya, kisha hufuta kijiti cha kupimia oili na kukitumbukiza bila kukikaza nyuzi. Oili ikiwa ya kutosha, na kelele za juu ya silinda zilizomtia shaka bado zipo, hufungua kifuniko cha tapeti, huwasha injini na kuiacha sailensa, yaani mngurumo wa chini bila gia, akitazama vikono vinavyosukuma valvu. Vikilowa na kung'aa, oili inafika. Vikibaki vikavu, injini huzimwa mara moja, na msako hushuka chini hadi kwenye pampu, kwenye kikombe kinachozunguka na krenki kikinasa uchafu ukutani mwake, na kwenye chujio la waya.

Wakati mwingine mkosaji si pampu. Ni uzi wa silikoni, ile gundi ya kuzibia maungio, iliyopakwa kwa wingi na mtu mwenye haraka, ikafinywa kuingia ndani, ikakatika na kuziba tundu lisilopitisha hata ncha ya penseli. Kuutoa uzi huo kwa kibano bila kuacha hata kipande ni kazi ya subira, na hapo ndipo ufundi unapoonekana kwa ukamilifu wake.

Wapo wanaomwaga oili nzito zaidi ili kelele itulie. Hilo ni kosa, kwani oili nzito hupita kwa shida zaidi katika njia iliyoziba, na kelele ikinyamaza dereva huendelea kuiua injini yake kwa amani.

Dereva na adai kuoneshwa chujio kila oili inapobadilishwa. Halihitaji kununuliwa upya likiwa zima: huoshwa kwa petroli, hukaushwa na kurudishwa.