Akili Isiyojua Kusema "Sijui"



Si zamani niliitwa hapa Kasulu nizungumze mbele ya walimu na vijana juu ya kitu hiki kinachoitwa akili bandia. Wengine hukiita akili mnemba, na wengine akili unde. Nilipopata khabari nilicheka. Mimi ni mwalimu wa chuoni, nilitoka Tanga nikiwa kijana kuja kusomesha watoto kwenye milima hii ya Uha, na simu yangu ni ya kupiga na kupokea tu. Lakini nimeitwa na watu wazima, nikaenda. Leo nataka nikueleze niliyoyasikia, niliyoyasema, na yaliyopasa kusemwa yasisemwe.

Walionitangulia kusema walikuwa vijana wenye adabu na elimu yao. Walitukhabarisha ya Kigali, mji usio mbali sana nasi, ambako tarehe 3 na 4 Aprili 2025 wakubwa wa Afrika na wafanya biashara walikutana kwa ajili ya jambo hili, ukatangazwa na mpango wa mfuko wa dola bilioni 60. Kisha Agosti ya mwaka ule ule wataalamu wa Kiafrika wakakutana huko huko katika mkutano wao uitwao Deep Learning Indaba, ulioanza Johannesburg mwaka 2017 na uliowahi kufanyika Nairobi mwaka 2019. Nilifurahi kusikia kwamba watoto wetu hawakubali kuwa watazamaji. Ila nilisikiliza saa mbili nzima, na kila kipimo kilichotajwa kilikuwa cha wepesi au cha fedha. Hakuna aliyeuliza: chombo hiki kikisema uongo, ataulizwa nani?

Zamu yangu ilipofika niliwasimulia kisa kimoja.

Wiki chache kabla ya siku hiyo alinijia kijana na karatasi mkononi. Jamaa yake amefariki, madeni yamekwisha kulipwa, limebaki shamba la migomba. Warithi ni mke, mama, binti wawili na ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama. Kijana alikwisha kuuliza kwenye simu, na simu imegawa. Alichotaka kwangu ni baraka tu, kesho wakapime shamba.

Msomaji wangu, aliyesoma faraidhi anajua kwamba mas-ala haya huchukua mafungu 24. Mke hupata thumni, mafungu 3. Mama sudusi, mafungu 4. Binti wawili thuluthi mbili, mafungu 16. Linabaki 1, nalo ni la ndugu. Karatasi ile ilimpa mke 3, mabinti 16, na ndugu 5. Mama hayumo! Bibi kizee aliyemzaa marehemu, anayelala katika ua ule ule, amefutwa, na fungu lake limekwenda kwa mwingine. Na kijana aliapa kwamba katika suala lake alimtaja.

Nikamwambia aulize tena mbele yangu. Akaandika, "Umemsahau mama." Chombo kikaomba radhi kwa maneno matamu, kikamrudisha mama na mafungu yake 4. Nikamwambia, "Sasa mwandikie kwamba amekosea, mama harithi pakiwa na mabinti." Kikaomba radhi tena, kikamtoa! Shahidi gani huyu, anayegeuza ushahidi kila anapokunjiwa uso?

Watu mkutanoni walicheka sana. Kijana mmoja mzungumzaji akasimama kwa heshima, akasema, "Sheikh, vyombo hivi vinatengenezwa kila siku, kesho vitakuwa bora. Na wanadamu pia hukosea." Amesema kweli, wala sikumpinga. Lakini kweli yake ni nusu. Mwalimu akikosea, mlango wake unajulikana. Ana mwalimu wake, na mwalimu wake ana mwalimu wake, na ana uso wa kuona haya na Mola wa kumwogopa. Chombo hiki, kama vijana wenyewe walivyotufahamisha, kimelishwa maandishi ya watu yasiyo na idadi, kikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Basi ufasaha wake si dalili ya ujuzi. Wanavyuoni wa hadithi hawakuuliza tu, "Umesema nini?" Waliuliza, "Nani kakwambia?" Na imepokewa kuwa Imam Malik aliulizwa mas-ala 48, akasema "sijui" katika 32. Je, huyo alipungukiwa na elimu, au hiyo ndiyo elimu?

Wala usidhani kuwa akili hii haina watu nyuma yake. Inao, ila wamefichwa. Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maneno machafu kupita kiasi na kuyatia alama, ili ChatGPT itoke safi mbele ya ulimwengu. Tunastaajabia mashine, na macho yaliyoumia ni ya watoto wetu. Hili nalo halikutajwa mkutanoni.

Sasa nijihukumu na mimi, maana anayekosoa wenzake na ajikosoe. Nilishuka jukwaani nimeridhika kwa kuwa nimewachekesha watu. Kijana wa shamba alikuwa amekaa nyuma. Nikamfuata, nikamuuliza jambo ambalo lilifaa nimuulize siku ile ya kwanza: "Kwa nini ulianzia kwenye simu, na nyumba yangu unaijua?" Akainamisha kichwa, akasema, "Maalim, simu haifoki."

Neno hilo lilinichoma. Nilikumbuka wanafunzi niliowakemea kwa kuuliza lililokwisha kusomeshwa, na watu niliowaambia waje baada ya Ijumaa, na Ijumaa ikapita. Mara ngapi na mimi nimejibu upesi kwa kuona haya kusema sijui?

Basi, ndugu msomaji, sisemi simu zitupwe. Kijana wako akiuliza humo, mfundishe kwamba jibu hilo ni khabari ya kuchunguzwa, na Suratul Hujurat imetuamrisha kuchunguza khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Mali, dawa, talaka na haki za watu visikatwe kwa jibu lisilo na mwenyewe. Nasi wenye kusomesha tufungue milango, tulainishe ndimi, na tusione haya kusema hatujui.

Bibi kizee amepata mafungu yake 4. Alhamdulillahi.

Wabillahi tawfiq.