Ufunguo Uliobaki Steshenari

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Magoma asubuhi moja, sauti imemkauka. "Shikamoo mjomba. Akaunti yangu ya ajira haifunguki." Alikuwa ameomba kazi kupitia Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kisha akasahau neno la siri. Mfumo ukafanya kazi yake: ukatuma kiungo cha kuweka neno jipya kwenye barua pepe aliyojisajilia. Barua pepe nayo ikagoma kufunguka kwenye simu yake mpya mpaka aingize tarakimu sita zilizotumwa kwa ujumbe mfupi. Tarakimu zilikwenda kwenye laini isiyo yake.

Laini ilikuwa ya kijana wa steshenari. Siku ya kujisajili, binti alikuwa amefika dukani simu imezima chaji, foleni ni ndefu, na mwisho wa maombi ni usiku huohuo. Kijana alikuwa akitoa nakala za vyeti, akiskani, akifungua barua pepe na kujaza fomu, vyote kwa malipo ya pamoja. Ukurasa ulipodai namba ya simu, aliweka yake ili kazi iende. Hakuwa na nia mbaya. Huko chini kwenye Bonde la Lwengera, baina ya Usambara Mashariki na Magharibi, watu wengi wamefunguliwa barua pepe kwa namna hiyo, na anayeishika laini ndiye anayeishika anwani.

Kijana alikuwa ameshahama. Tulimsaka siku mbili kwa ndugu na jamaa, tukampata, akatusomea tarakimu kwa simu. Angekuwa ameiacha laini ile ikafungwa na kampuni na kupewa mteja mwingine, tusingekuwa na mlango wa kugonga. Nilikaa na mpwa wangu jioni nzima tukatengeneza anwani mpya, na kila uamuzi tuliofanya una sababu yake.

Tulianza na vyeti. Tulivipanga mezani: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, na kitambulisho cha Taifa. Waombaji hutakiwa kuweka kwenye maelezo binafsi (CV) anwani ya barua pepe pamoja na namba za simu zinazopatikana, na wanaoitwa kwenye usaili huambiwa kwamba majina yakitofautiana kwenye nyaraka lazima waje na hati ya kisheria iliyosajiliwa. Barua pepe haina masharti hayo, lakini jina lililoandikwa kwa namna mbili huzaa maswali pasipo sababu. Kwa Wasambaa kama sisi jambo hili ni zito. Sauti ya "gh" katika majina kama Shekalaghe huandikwa na karani mmoja, mwingine akaidondosha. Tukashika tahajia ya cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi.

Jina la kwanza na la ukoo, hata hivyo, lilikuwa limeshachukuliwa. Majina ya ukoo yanayoanza na She yametapakaa Usambara nzima, na Gmail, inayotoa anwani tangu 2004, haimpi mtu jina lililokwisha kutumika hata kama mwenyewe ameifuta akaunti. Hapo ndipo wengi huangukia kwenye mwaka wa kuzaliwa. Mimi nilikataa. Kwanza unamtangazia mwajiri umri wako kabla hajasoma elimu yako. La pili linanihangaisha zaidi: namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa nini umrahisishie tapeli kazi? Badala ya tarakimu tuliingiza herufi ya kwanza ya jina la baba katikati, na jina likapatikana.

Anwani yake ya zamani ilikuwa na neno "magoma". Alilipenda kwa sababu ni kwao, na sioni aibu yoyote katika kutaja kwenu. Shida ni kwamba nje ya Korogwe neno hilo lina maana nyingine. Msomaji wa Dar es Salaam au Dodoma akiona "binti wa magoma" anafikiria muziki na kumbi za starehe, wala hamuoni binti wa shule aliyekulia kando ya mashamba ya mkonge. Kijiji kina nafasi yake kwenye maelezo binafsi, penye makazi, na pale hakuna atakayekisoma vibaya.

Kwamba wasomaji huhukumu kwa anwani si dhana tu. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walikusanya anwani 599 na kuwapa watu 100 wakadirie tabia za wenye anwani hizo kwa kuzitazama tu. Makadirio yakaelekea kufanana. Mwaka 2015, Uholanzi, waajiri wa kitaaluma 73 walipewa maelezo binafsi ya kupima. Anwani ya mzaha ilimshusha mwombaji karibu sawa na makosa ya tahajia. Sidhani afisa wetu mwenye rundo la maombi mbele yake ana subira zaidi.

Alama hazikutuchukua muda. Mstari wa chini hupotea anwani ikipigiwa mstari kwenye karatasi, kwa hiyo tuliuacha. Nukta inasomeka vizuri. Gmail haitofautishi anwani yenye nukta na isiyo nayo, lakini si kila kampuni iko hivyo, basi nilimwambia aiandike kwa namna moja siku zote. Cheo hatukuweka, kazi hubadilika. Kisha nilitoka nje, nikampigia simu, akanitajia anwani herufi moja moja nami nikaiandika. Mara ya kwanza nilikosea kwenye "gh" ileile. Tukakubaliana kwamba akiitaja kwa mtu, pale atasimama na kutamka "g, halafu h".

Lililobaki ndilo lililotuleta hapo. Akaunti ilifunguliwa kwenye simu yake mwenyewe, kwa laini aliyoisajili kwa alama zake za vidole. Laini ya pili ya kurejeshea akaunti ni ya mama yake, ambaye hajabadilisha namba miaka mingi. Kwenye sehemu ya jina tuliandika majina yote matatu, maana hilo ndilo mpokeaji huliona kabla ya anwani. Ataifungua angalau mara moja kwa mwezi hata kama hakuna tangazo la kazi, kwa kuwa Google huweza kufuta akaunti iliyokaa miaka miwili bila kutumika. Steshenari bado ataiendea kuskani vyeti, ila atajitumia mwenyewe, na akimaliza atatoka kwenye akaunti mbele ya macho yake.

Ile ya zamani hatukuifuta. Tuliing'oa kwenye laini ya kijana, tukaifanya ipeleke ujumbe wake kwenye mpya, kisha akaingia Ajira Portal kubadilisha anwani. Mwisho alinakili kwa mkono misimbo 10 ya akiba ambayo Google hutoa kwa siku simu itakapopotea, akaikunja karatasi na kuitia kwenye bahasha ya kaki, pamoja na cheti cha kidato cha nne.